Dakika zangu zimekwenda wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuangalia dakika ulizotumia kwenye simu

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi kwenye meza za vocha na kwa mafundi simu wa Arusha mjini, kuanzia Kilombero mpaka Mianzini. Machache yameletwa na waongoza watalii wa Moshi, ambao bando zao zina matatizo yake ya peke yake. Tumeanza na mepesi. Kama swali lako limeshajibiwa kwingine, tumekuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Mambo ya mwanzo

1. Nataka kujua nimetumia dakika ngapi. Niangalie wapi?

Kwanza jiulize unataka nini hasa. Ukitaka kujua dakika *zilizobaki*, uliza mtandao. Ukitaka kujua zilizotumika *zimeliwa na nani*, fungua simu yako.

Hivi ni vitabu viwili tofauti. Mtandao unaandika ulichokatwa. Simu inaandika maongezi yalichukua muda gani. Simu haijui kama ulijiunga na kifurushi cha siku au cha mwezi, wala kama dakika zako ni za mtandao mmoja au mitandao yote. Mtandao nao ukikutumia ujumbe wa salio hautakuambia kwamba robo tatu ya kifurushi iliishia kwa shangazi wa Karatu. Wengi wanaokuja wamefura kwamba "wameibiwa dakika" wamekiuliza kitabu kimoja habari za kitabu kingine.

2. Napiga namba gani kuona dakika zilizobaki?

Piga *102#, ambayo ni ya kuangalia salio. Kama majibu yanaonyesha salio la kawaida peke yake, ingia kwenye menyu ya vifurushi ya mtandao wako utafute sehemu ya kuangalia salio la kifurushi:

- Vodacom: *149*01#
- Airtel: *149*99#
- Yas, iliyokuwa Tigo hadi 2024: *147*00#
- Halotel: *148*66#
- TTCL: *148*30#

Menyu hupangwa upya mara kwa mara, kwa hiyo usikariri kwamba "salio ni namba 8". Soma kila mstari kabla ya kujibu, maana watu hujikuta wamenunua kifurushi kipya walipotaka kuangalia cha zamani.

Ukishaona zilizobaki, toa kwenye dakika ulizopewa. Ulijiunga na dakika 60 zimebaki 22, basi umetumia 38. Ndiyo maana ujumbe wa kujiunga usiufute mpaka kifurushi kiishe: ndio wenye idadi ya dakika ulizoanza nazo, aina yake, na saa ya mwisho.

3. Napiga *102# inaleta maneno "tatizo la muunganisho au msimbo batili wa MMI".

Mara nyingi ni mtandao hafifu, au laini inayopiga siyo uliyokusudia. Washa hali ya ndegeni sekunde chache, izime, piga tena. Kwenye simu ya laini mbili, hakikisha umechagua laini sahihi (tazama swali la 14).

4. Kwani mtandao hauwezi kuniambia wenyewe zikikaribia kuisha?

Unatakiwa ukuambie. Kwa utaratibu wa vifurushi uliotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) mwaka 2021, mtoa huduma anapaswa kumtaarifu mteja matumizi yanapofika asilimia 75, na tena yanapofika asilimia 100, iwe ni dakika, SMS au data. Shida ni kwamba ujumbe huo hufika katikati ya matangazo ya bahati nasibu na ofa, na watu wengi wameshazoea kufuta vyote bila kusoma.

5. Nikipigiwa, dakika zangu zinakatwa?

Hapana. Ukiwa ndani ya Tanzania anayelipa ni aliyepiga. Kuna hali mbili za kuangalia: ukiwa umeshika mtandao wa nchi jirani (swali la 17), na kama umeelekeza simu zako ziende namba nyingine (swali la 19).

6. Na nikipiga ikaita tu bila kupokelewa?

Hukatwi. Hesabu inaanza inapopokelewa. Lakini ukisikia sauti ya mashine ya kuacha ujumbe, hiyo imeshapokelewa, kata haraka.

## Ndani ya simu yenyewe

7. Kwenye Android naonaje muda niliozungumza?

Fungua programu ya Simu, ile unayopigia, uende kwenye simu za hivi karibuni. Gusa simu moja, au alama iliyo pembeni yake, kisha fungua historia au maelezo. Utaona kila simu uliyopiga na kupokea kwa namba hiyo, tarehe, saa, na dakika na sekunde zake.

Jumla ya zote ndiyo inayokosekana. Programu ya Simu ya Google, ambayo imo kwenye simu nyingi zinazouzwa mjini, haijumlishi. Baadhi ya Samsung, hasa za zamani, zina sehemu ya muda wa simu yenye jumla ya ulizopiga na ulizopokea. Kwa Tecno, Infinix na itel inategemea toleo. Njia fupi ni kufungua Mipangilio, kuandika "muda wa simu" kwenye kisanduku cha kutafuta, na kuona kinachokuja. Kama hakiji kitu, usipoteze mchana mzima. Simu yako haina.

Kwa matumizi ya kawaida, wala huhitaji jumla ya kila kitu. Chukua namba tatu au nne unazozungumza nazo sana, fungua historia zake, jumlisha zile *ulizopiga wewe* tangu siku uliyojiunga. Dalali wa madini au mfanyabiashara wa nyanya pale Kilombero atakuta kwamba wateja wawili tu wamemaliza sehemu kubwa ya bando.

Kumbuka pia kwamba orodha hii haina mwisho mrefu. Android kwa kawaida huhifadhi simu 500 za karibuni, za zamani zinajifuta. Mtu anayepiga simu mfululizo, kama bosi wa bodaboda au wakala wa pesa, anaweza asiione hata ya wiki chache nyuma.

8. iPhone je?

Hapa iPhone imerahisisha. Fungua "Settings", kisha "Cellular" (simu nyingine zimeandika "Mobile Service" au "Mobile Data"), shuka mpaka uone "Call Time". Kuna mistari miwili: "Current Period" ni muda wa maongezi tangu mara ya mwisho ulipofuta hesabu, na "Lifetime" ni tangu simu ianze kutumika.

Mtego uko kwenye huo mstari wa kwanza. Hauanzi upya wenyewe mwezi ukigeuka wala kifurushi kikiisha. Unaanza upya ukigusa "Reset Statistics" chini kabisa ya ukurasa huo. Ukitaka ulingane na bando lako, ufute dakika ileile unapojiunga. Kingine: unahesabu ulizopiga na ulizopokea kwa pamoja, kwa hiyo mtu anayepigiwa sana ataona namba kubwa kuliko kifurushi chake chote na kuogopa bure.

Kama iPhone umeinunua mkononi kwa mtu, "Lifetime" haifutiki kwa kitufe hicho. Ukiwa bado unapatana bei, iangalie: muuzaji akiapa kuwa simu imetumika wiki mbili huku ikionyesha saa mia kadhaa za maongezi, una la kumuuliza.

9. Mama anatumia kitochi. Inawezekana?

Ndiyo, na mara nyingi ni rahisi kuliko simu janja. Nokia nyingi za batani zina sehemu ya muda wa simu ndani ya orodha ya simu: ya mwisho, ulizopiga, ulizopokea na jumla. Zinaweza kufutwa zianze upya.

10. Kuna namba ya siri *#*#4636#*#*. Hiyo inaonyesha dakika?

Haionyeshi. Inafungua menyu ya majaribio ya Android: hali ya mtandao, Wi-Fi, na takwimu za programu. Watu hutumiana kwenye magrupu ya WhatsApp kana kwamba ni ufunguo wa kila kitu. Ukishaingia humo usibadilishe aina ya mtandao kwa kubahatisha. Mafundi wamerudishiwa simu "zilizokufa mtandao" kwa sababu hiyo tu.

11. Sehemu ya muda wa kutumia simu inasema programu ya Simu imetumika dakika 12, nami nimeongea saa nzima.

Ile inahesabu muda programu iliyokuwa wazi kwenye kioo. Ukiweka simu sikioni kioo kinazima.

12. Nipakue programu ya kunijumlishia?

Zipo, na zinafanya kazi kwa kusoma orodha yako ya simu na kujumlisha. Lakini fikiria unachompa mwenye programu: jina na namba ya kila mtu unayezungumza naye, na saa mlizozungumza. Kuanzia 2019 Google ilibana programu zinazoomba ruhusa ya kusoma orodha ya simu, na zilizobaki zinatakiwa ziwe na sababu ya maana. Pakua kutoka Play Store tu. Faili la APK ulilotumiwa na mtu kwa WhatsApp usiliguse.

Maoni yetu: kama wewe si mtu wa kupeleka hesabu za simu ofisini, kalamu na daftari vinatosha.

## Hesabu zinapokataa kulingana

13. Simu inasema nimeongea dakika 23, mtandao unasema zimekwenda 40. Nani mwongo?

Huenda hakuna mwongo. Angalia kwanza namna kifurushi chako kinavyohesabu. Kikihesabu kwa sekunde, simu ya dakika moja na sekunde 10 inakula sekunde 70. Kikihesabu kwa dakika nzima, simu hiyohiyo inakula dakika mbili. Sasa chukua mwenye bodaboda anayepiga simu fupi fupi za "nipo getini, toka": simu 20 za sekunde 70 ni dakika 23 na sekunde 20 kwenye orodha yake, lakini kwa hesabu ya dakika nzima ni 40. Anayepiga simu moja ndefu usiku haoni tofauti hii kabisa.

Sababu nyingine za kawaida: umejumlisha simu ulizopokea, umejumlisha za WhatsApp (swali la 16), umepiga kwa laini ya pili, au umeunganisha watu wawili kwenye maongezi mamoja. Kuunganisha hivyo kunahesabiwa kama simu mbili. Mkizungumza watatu kwa dakika 10, wewe uliyewapigia wote umetumia karibu 20.

14. Nina dakika za kutosha lakini salio la kawaida ndilo linalokatwa. Kwa nini?

Kuna majibu mawili, na karibu kila mara ni mojawapo.

La kwanza ni laini. Bando umeliweka laini ya 1, simu inapiga kwa laini ya 2. Angalia kwenye orodha ya simu: Android huonyesha alama ya laini iliyotumika kwa kila simu. Kisha kwenye mipangilio ya SIM chagua laini ya kupigia, au weka iulize kila mara. Iulize kila mara inachosha, lakini inaokoa.

La pili ni mtandao wa unayempigia. Kama dakika zako ni za mtandao mmoja, usitegemee namba za mwanzo. Zamani ukiona 075 ulijua ni Vodacom, 078 ni Airtel, 071 ni Tigo. Tangu Machi 2017 mteja anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake ileile. Yule wa 0754 uliyemhifadhi miaka kumi iliyopita anaweza kuwa yuko Halotel leo, na dakika zako za ndani ya mtandao hazimfikii. Muulize.

Kuna wanaouliza mbona siku hizi vifurushi vya mitandao yote vimejaa. Sababu mojawapo ni ada ambayo mitandao hulipana kwa kupokeleana simu: ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018, ikashushwa mwaka hadi mwaka hadi shilingi 2 mwaka 2022. Ukuta kati ya mitandao umebaki mfupi. Kama watu wako wametawanyika, nunua cha mitandao yote uachane na kuhesabu vichwa.

15. Asubuhi dakika zilikuwepo, mchana hazipo, na sijapiga.

Muda umeisha. Fungua ujumbe wa kujiunga uangalie saa ya mwisho. Huandikwa kwa mfumo wa saa 24: 14:30 ni saa nane na nusu mchana, na 23:59 ni dakika moja kabla ya saa sita usiku. Kifurushi cha siku kinaweza kuwa cha saa 24 tangu ujiunge au cha mpaka usiku wa manane; ujumbe ndio unaosema.

Kwa utaratibu uleule wa 2021 (swali la 4), ukinunua tena kifurushi kilekile kabla cha kwanza hakijaisha muda, uniti zilizobaki zinaendelea. Neno kubwa hapo ni *kabla*. Zikishaisha muda, hata zikiwa dakika 50, zimekwenda.

Na zikiisha katikati ya maongezi? Simu inahamia salio la kawaida kwa bei ya kawaida, ambayo ni kali kuliko ya kifurushi. Kama salio ni sifuri, inakatika. Wapo wanaoacha salio sifuri makusudi kwa ajili hiyo, na si wajinga.

16. Simu za WhatsApp zinahesabiwa kwenye dakika?

Hazihesabiwi, zinakula data. Kwenye simu nyingi utaziona zimechanganyika na simu za kawaida, hivyo ziruke unapojumlisha. Ukitaka kuona zimekula kiasi gani, fungua WhatsApp, Mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, kisha matumizi ya mtandao. Video inakula mara kadhaa zaidi ya sauti.

## Mpakani na mlimani

17. Nikifika Namanga dakika zinakataa kufanya kazi.

Angalia jina la mtandao juu ya kioo. Namanga, Holili na Tarakea minara ya Kenya iko karibu, na simu ikiona mawimbi ya ng'ambo yana nguvu inaweza kuhamia huko yenyewe kama laini yako inaruhusiwa. Ukiwa umeshika mtandao wa Kenya unahesabiwa uko Kenya hata kama umekaa upande wa Longido unakula nyama choma. Kifurushi cha kawaida cha ndani hakitumiki, na kupokea simu kunaweza kukugharimu.

Dawa: kwenye Mipangilio, mitandao ya simu, zima kuchagua mtandao kiotomatiki, kisha chagua wako mwenyewe kwa mkono. Kuzima data ya nje peke yake hakutoshi, kwa sababu kunazuia intaneti tu, simu za kawaida zinaendelea kupita. Ukirudi Arusha, rudisha otomatiki.

18. Mimi napandisha wageni Kilimanjaro. Bando la wiki linaishia mlimani bila kutumika.

Kuzima simu hakusimamishi muda wa kifurushi. Ukijiunga cha siku saba jioni ya kufunga mizigo Moshi, ukapanda siku sita, unashuka una kama siku moja tu ya kupiga, na bado betri inatakiwa ikubali.

Mawimbi mlimani yapo ila hayalingani. TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720, Agosti 2022, lakini bonde moja nyuma ya jiwe linaweza kukukata kabisa, na upande wa Rongai usishangae kukuta mtandao wa Kenya (swali la 17). Waongozaji wenye uzoefu hujiunga cha mwezi wakati wa msimu, au huacha salio la kawaida kwa dharura na kujiunga wakishashuka hadi getini.

## Mambo ya pembeni

19. Nimeambiwa *#21# inaonyesha kama nasikilizwa, na kwamba ndio wanaokula dakika zangu.

*#21# inaonyesha kitu kimoja: kama simu zako zimeelekezwa ziende namba nyingine. Haihusiani na kusikilizwa. Lakini ina maana kwenye dakika, kwa sababu simu ikielekezwa kutoka kwako kwenda namba nyingine, kipande hicho cha pili unalipa wewe. Ukikuta kuna namba usiyoijua, piga ##002# kufuta maelekezo yote. Usipige kabisa namba ya nyota au alama ya reli unayosomewa na mtu asiyejulikana kwenye simu.

20. Naweza kupata orodha kamili ya simu nilizopiga kutoka kwenye mtandao?

Mwenye laini anaweza kuiomba kwenye duka la huduma kwa wateja, akiwa na kitambulisho. Kwa mwingine hawatoi: Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inawataka watunze siri za mteja. Kwa hiyo ya mume, mke au mchumba sahau.

Hapa wengi hukwama kwa sababu laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha kaka au cha bosi wa zamani. Kwa mtandao, mwenye laini ni huyo. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Kama yako haimo, kaanze safari ya kuisajili upya kabla hujadai chochote.

21. Nimebadilisha simu. Dakika na hesabu zangu zinahama?

Dakika zinahama na laini. Orodha ya simu inahama ukirejesha nakala rudufu ya Google au iCloud, vinginevyo inabaki kwenye simu ya zamani. Ukiiuza simu hiyo bila kuifuta, mnunuzi atasoma kila uliyempigia.

22. Nimehesabu vizuri na bado nimekatwa zaidi. Nianzie wapi?

Piga 100 kwa mtandao wako, ukiwa na vitu vitatu mkononi: ujumbe wa kujiunga, picha ya kioo ya salio, na orodha ya simu ulizopiga tangu ujiunge. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko uiandike. "Mmeniibia" haifiki mbali. "Nilijiunga saa nne asubuhi dakika 60, nimepiga simu hizi nne zenye dakika 31, imebaki sifuri" inamlazimu aliye upande wa pili kufungua kumbukumbu zako.

Wasipokuridhisha, peleka malalamiko TCRA. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha, na inahudumia watu wa Kilimanjaro pia. Nenda na namba ile ya kumbukumbu, kwani watataka kujua kwanza kama ulishamwona mtoa huduma.